Mama Mkwe Nyuma ya Kadi ya Kunguni

Duka langu la kuchapa liko Gikondo, katikati ya gereji na kanisa la walokole, kwa hiyo mchana kutwa nasikia nyundo upande mmoja na aleluya upande mwingine. Nachapa kadi za harusi, ratiba za misa za mazishi, na zaidi ya yote kadi za biashara, zile ndogo ambazo mtu anakupa baada ya kusalimiana nawe. Kwa miaka mingi niliamini nazichapa vizuri. Karatasi nzito, wino haupakazi, kingo zimekatwa sawa. Halafu yule mama anayefagia barabara yetu akaanza kunirudishia.

Mji wetu haukubali karatasi ilale barabarani. Ikianguka, inaokotwa. Mama huyu, ambaye lugha yake ni Kinyarwanda na Kiswahili amekijulia sokoni, alikuwa amegundua kwamba chini kabisa ya kila kadi kuna maandishi madogo yanayosema imechapwa wapi. Akaelewa kwamba hiyo ndiyo anwani ya mwenye mali. Basi asubuhi akawa anasimama mlangoni kwangu na fagio lake, kadi ameshazifuta vumbi kwa upindo wa ovaroli.

"Dada, hizi zako zimelala tena balabalani."

"Si zangu, mama. Ni za wateja."

"Lakini duka yako iko hapa chini."

"Iko, ndiyo."

"Basi chukua."

Ningefanya nini? Nilichukua. Kadi ya mwanasheria yenye alama ya kiatu usoni. Kadi ya daktari wa meno iliyogandiwa na bigijii iliyotafunwa. Siku moja aliniletea kadi ambayo mteja alikuwa ameichukua dukani jana yake jioni, ya kwanza kabisa kutoka kwenye boksi. Maana yake kuna mtu aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante sana, akatembea hatua chache, akaiachia.

Nilikasirika kama mpishi anayeona sahani inarudi imejaa. Nikajiambia kwamba kadi inatupwa kwa sababu haina kazi nyingine. Nikaanza kuzipa kazi. Kwa fundi cherehani mmoja nilichapa rula pembeni mwa kadi. Akaipenda mno, akaanza kuitumia mwenyewe, na muhula huo watoto wa shule yote aliyokuwa anaishonea wakavaa kaptula fupi kuliko kawaida, kwa sababu rula yangu ilikuwa imesinyaa kidogo kwenye kompyuta. Kwa msusi nilitengeneza kadi inayonukia nazi. Sisimizi wakala jina lake lote, wakaacha namba ya simu. Kwa muuza nyama nilikata kadi kwa umbo la ng'ombe, kazi nzuri hasa, lakini miguu na pembe zilikatikia mifukoni mwa watu, kikabaki kitu kama kiazi, na watu wakawa wanampigia kuuliza viazi.

Katika hali hiyo ndipo alipoingia fundi wa kunguni.

Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, na ananukia dawa kwa mbali. Alikulia Bujumbura kama mimi, tena si mbali na mtaa wetu, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili chetu bila kujikaza. Alieleza kwamba anapulizia dawa majumbani, anaua kunguni, viroboto na mende, lakini hasa kunguni. Kisha akainamisha kichwa kama anayeeleza ugonjwa.

"Dada, iko shida moja. Kadi zangu watu hawazitupi tu. Wanazichana kwanza."

"Wanazichana kwa nini?"

"Wanaogopa. Ukikutwa na kadi ya mtu wa kunguni, maana yake kwako kuna kunguni. Bwana mmoja niliona anaitafuna."

Wateja wengine wote walikuwa wakipuuzwa. Huyu alikuwa anaogopwa. Kadi yake ilitakiwa ifichwe na itunzwe kwa wakati mmoja, na hiyo kazi sikuwahi kupewa.

Nikamwambia, "Basi mbele tuweke kazi yako kwa maandishi madogo, na nyuma tuweke picha nzuri. Mtu akiiweka mezani, anaweka upande wa picha. Hakuna atakayejua."

"Picha gani?"

"Si maua. Kila mtu ana maua."

Akatoa simu yake, akaanza kupekua. Kunguni aliyekuzwa. Godoro. Kunguni tena. Mtungi wake wa dawa. Halafu akapita haraka juu ya picha moja, nikamwambia arudi.

Ilikuwa picha ya mwanamke mzee amesimama mlangoni mwa nyumba, amejitanda kitenge cha buluu tangu kichwani, mikono imekutana kifuani, uso ameuinua juu. Nyuma yake mlango ulikuwa umejaa kitu cheupe kama wingu, na jua lilikuwa limepenya ndani ya wingu hilo.

"Huyu ni nani?"

Alishusha sauti. "Mama mkwe. Siku hiyo nilikuwa nimempulizia nyumba yake Gitega, hii ya hapa mjini, si ile ya Burundi. Huo ni moshi wa dawa. Yeye anatazama bati, anahesabu misumari iliyong'oka."

"Ndiyo hii," nikasema.

"Mama mkwe?"

"Ndiyo hii. Mwombe ruhusa, halafu tuchape."

Akasema atamwomba. Siku ya pili yake akanipigia, akasema hakuna tatizo. Baadaye nilikuja kujua kwamba hakuna tatizo ilikuwa na maana kwamba bado hajamwambia, na kwa hiyo tatizo halijaanza.

Tulichapa. Nakiri kwamba zilipotoka mashineni mimi mwenyewe nilisita kuziwekea lastiki, nikazifunga kwa utepe.

Kwanza kulikuwa na ukimya. Yule mama wa fagio akaleta kadi za mwanasheria, za msusi, za kila mtu, lakini ya kunguni hakuna hata moja. Wiki zikapita. Kisha akaja mlangoni mikono mitupu, akafuta viganja kwenye ovaroli, akaniuliza kwa adabu ambayo hakuwahi kunionyesha kama ninayo ya yule Mama wa buluu, maana jirani yake anayo na yeye hana. Nikampa. Akaipokea kwa goti moja, akaitia ndani ya kofia.

Nilidhani ni yeye tu. Lakini fundi wa kunguni alirudi dukani upesi kuongeza kadi, na safari hii kifungo cha shingoni kilikuwa wazi.

"Dada, watu wananipigia simu, wanaanza na Salamu Maria."

Akanieleza. Simu inalia, anapokea, mtu wa upande wa pili ananong'ona.

"Halo. Hapo ni kwa Mama wa buluu?"

"Hapa ni kunguni."

"Ndiyo, Baba. Wanatutesa sana."

"Nitakuja. Toeni magodoro nje."

"Amina."

Basi anakwenda, na magodoro yametolewa kweli, lakini watu hawajatoka. Anakuta familia nzima imepanga mstari sebuleni, mkubwa mpaka mdogo, wanataka wapuliziwe wao. Anawaambia ni sumu. Wanaitika amina. Nyumba moja ya Nyarutarama, yenye geti la umeme na mlinzi wa sare, mwenye nyumba alimpigia aje haraka, na alipofika na mtungi wake mgongoni hakukuta kunguni hata mmoja. Kulikuwa na mbwa mgonjwa, mbwa mkubwa wa kizungu amelala juu ya zulia. Mama mwenye nyumba alikuwa ameipata kadi kwa mlinzi. Fundi akamweleza kwa upole kwamba yeye hatibu mbwa. Mama akasema anaelewa, asimame tu pale kidogo. Akasimama. Mbwa akaamka, akanusa ile dawa, akatapika kipande cha soksi, akapona.

"Sasa Nyarutarama yote wanayo," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama.

"Kwa nini usiwaambie ukweli? Ukiulizwa huyu ni nani, sema ni mama yake mke wangu, jina lake fulani."

Akanitazama kama nimemtukana. Hapo ndipo nilipokumbuka alichowahi kunieleza. Alilelewa na babu yake kwa desturi za zamani kabisa, na kwa watu wa namna hiyo mkwe hatamki jina la mama mkwe wake. Hata kama jina hilo ni neno la kawaida, analizunguka. Hawezi pia kusimama mbele za watu na kusema kwamba mama mkwe si kitu fulani kizuri. Kwa hiyo kila alipoulizwa jina la yule Mtakatifu, alijibu alichoweza kujibu.

"Unawaambia nini?"

"Nawaambia jina lake mimi siruhusiwi kulitamka."

"Na wakikuuliza kama ni mtakatifu?"

"Nasema si mimi wa kupinga."

Niliweka kichwa juu ya mashine ya kukatia.

Mama mkwe mwenyewe alikuja siku ya Alhamisi, saa za chakula. Hakuna simu iliyonitayarisha. Mlango ulifunguliwa akaingia mwanamke mpana, kitenge kile kile cha buluu, mikono myeusi kwa vumbi la makaa, maana kazi yake ni kuuza makaa Gitega, karibu na ngazi za kushukia bondeni. Sauti yake ilizima nyundo za gereji.

"Ni wewe mwenye kunichapa?"

"Shikamoo, mama. Karibu ukae."

"Sikai! Nimeingia kwa jirani yangu kuomba chumvi, nikajikuta niko ukutani! Nina mshumaa! Mwanamke amepiga magoti mbele yangu, na mimi niko nyuma yake nasubiri chumvi! Nikasema, we mama, geuka. Akageuka, akaniona, akaanguka juu ya sufuria."

"Aliumia?"

"Maharagwe ndiyo yaliumia."

Nikamvutia benchi. Akakaa akiwa bado anasema hakai. Nikampa maji, nikamweleza kila kitu, kadi zinavyotupwa, hofu ya watu, picha. Nikamwambia mkwe wake alisema ameomba ruhusa. Akachukua kadi moja mezani, akaigeuza, akaisoma mbele. Midomo yake ikaanza kutetemeka, nikadhani analia.

"Kunguni," alisema. "Mwanangu, wananiwashia mshumaa na huku nyuma yangu kumeandikwa kunguni."

Akacheka mpaka kitenge kikamwangukia mabegani. Kicheko kilipoisha akawa mkali tena, kwa sababu kulikuwa na jambo lililokuwa linamuumiza kweli. Wateja hawabishani naye tena.

"Nasema bei, wanalipa. Nasema bei ya kipumbavu kabisa, wanalipa, wanainama. Binti, mimi nimeuza makaa tangu tulipotoka Burundi. Kubishana ndiyo maongezi yangu. Sasa nakaa pale kama sanamu. Hata yule rafiki yangu anayeuza nyanya, tuliyezoea kutukanana kila asubuhi, amenyamaza. Ananiita Mama kwa herufi kubwa, nasikia kabisa mdomoni mwake."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilimwonea huruma, nikamwongezea maji.

Padri wa parokia yao naye alifika wiki hiyo hiyo. Alisoma Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama kola yake. Alikuwa na kadi imefungwa ndani ya bahasha, akaiweka mezani kwa ncha ya kidole.

"Mama, huyu ni mtakatifu gani? Nimetafuta vitabuni sijampata."

"Padri, ni muuza makaa. Yuko kwenye parokia yako."

Akaitazama picha kwa muda. Akavua miwani, akaivaa. "Mungu wangu. Ni yule anayegombana na wanakwaya."

"Ndiye."

"Nilijua sura naijua. Nilidhani nimemwona kwenye dirisha la vioo vya rangi la kanisa huko ng'ambo." Akafikiri, kisha akasema jambo la busara sana kwa kulisikia: zinazochapwa kuanzia sasa ziandikwe wazi, chini ya picha, Huyu si Mtakatifu.

Niliandika, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, herufi nzito. Fundi wa kunguni akazigawa. Siku chache tu, watu wakawa wanazikataa za zamani na kudai mpya. Walisema ile ya mwanzo haikuwa na maneno, lakini hii ina unyenyekevu. Mtakatifu wa kweli, waliniambia hapo hapo dukani kwangu, ndiye peke yake awezaye kusema kwamba yeye si mtakatifu. Mlinzi mmoja alinishika mkono kunieleza hivyo, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Mwishowe mama mkwe akaamua kulimaliza mwenyewe. Alimwomba padri ampe nafasi kwenye matangazo, Jumapili, baada ya komunyo. Mimi nilikwenda, ingawa si parokia yangu. Fundi wa kunguni alikuwa ameketi nyuma kabisa pembeni ya mke wake, amejificha uso kwa kitabu cha nyimbo.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Mama alipanda akashika kipaza sauti kama anayeshika shingo ya kuku.

"Nitazameni," alisema. "Mimi nauza makaa. Magoti yangu yananiuma, nakoroma, na mwanakwaya yule wa mstari wa mbele nilimwita punda wiki iliyopita, na sijajuta. Kwenye ile picha sikuwa naomba. Nilikuwa natazama bati. Mkwe wangu alikuwa ananiulia kunguni. Ndiyo, nilikuwa na kunguni! Na ninyi mnao, ndiyo maana mna kadi!"

Kunguni walikuwa hawajawahi kutajwa mle ndani. Halafu kipaza sauti kikaanza kupiga mluzi mkali, na yeye, kwa kutafuta sauti inatoka wapi, akainua uso juu kwenye spika zilizofungwa darini, mikono bado imekishika kile kipaza sauti kifuani.

Kanisa zima likasema, "Aaah."

Padri akafunika macho. Lakini mama aliona kilichotokea, akashusha kichwa haraka, akapiga kelele kwa hasira ya kweli, "Natazama spika, wapumbavu nyie!" Na hapo mtu akacheka. Alikuwa yule rafiki yake wa nyanya, katikati ya benchi. Alicheka kwa sauti nyembamba, akashindwa kujizuia, akamjibu kwa nguvu, "Kaa chini, mnafiki, makaa yako yenyewe ni mabichi!" Mama mkwe akaangaza uso mzima. Akamrudishia tusi ambalo sitaliandika, maana lilisemwa kanisani. Likafuata lingine. Nao watu wakaanza kucheka, kwanza kwa woga, kisha wazi wazi, wakiegemeana, na mimi nikamwona fundi wa kunguni ameshusha kitabu cha nyimbo, anatabasamu kama mtu aliyetolewa gerezani.

Mishumaa ilizimwa baada ya hapo. Kadi, hapana. Watu waliendelea kuzitunza, ila sasa walizionyeshana kwenye simu na kwenye baa, wakisema huyu namjua, huyu aliwatukana wanakwaya. Wakati huo huo, jambo moja dogo lilikuwa limebadilika bila mtu kulipanga. Kwa kuwa kunguni walikwisha tajwa kanisani, watu wakawa wanasema wazi kwamba wanao. Fundi akapata kazi nyingi, na watu wakatoka nje anapopulizia, kama inavyotakiwa. Simu sasa inapokelewa na mke wake, ambaye akiulizwa ile picha ni ya nani, anataja jina la mama yake lote, na la ubatizo.

Mzigo ukabaki kwangu. Maana kila mfanyabiashara aliyesikia habari ile alikuja na mzee wake. Jirani yangu wa gereji alimleta mama mkwe wake, akataka apigwe picha katikati ya matairi. Mwanasheria wa alama ya kiatu alimleta shangazi. Daktari wa meno alileta bibi ambaye hakuwa na jino hata moja, nikamwomba aende akafikiri tena. Nilikuwa nawapanga mlangoni, nasema, "Mama, tazama juu kidogo. Usitabasamu. Usinitazame mimi, tazama bati." Wengine walikataa kabisa kutazama juu, wakasema bati halina kitu. Kadi zao zilitoka, nyingine nzuri na nyingine mbaya, na nyingi zilitunzwa, angalau na wajukuu.

Na wale wazee, wakisubiri zamu, walikuwa wanakaa kwenye benchi langu. Muuza makaa akawa anapita Alhamisi, kuona nani anachapwa. Akawafundisha namna ya kukataa pozi wasiyoitaka. Rafiki yake wa nyanya akamfuata ili wasikose mtu wa kubishana naye. Baada ya muda wakawa wanakuja hata wasio na kadi ya kuchapa, na chupa ya chai ya maziwa, na mkate. Siku moja nilimwambia mama wa fagio apumzike nao kidogo, akaketi pembeni, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshawaambia wote waziwazi ni kadi za nani zinatupwa zaidi mjini.

Nimenunua benchi la pili. Gereji wanalalamika kwamba siku ya Alhamisi hawasikii nyundo zao.